Mziwanda wa Nyanya na Maziwa Yasiyoandikwa



Shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wiki hii tumependa kuzungumza na akina mama na vijana wetu juu ya jambo ambalo huanza kwa udadisi tu, na huweza kuishia katika mlango wa halali na haramu.

Vijana wengi siku hizi wanakusanya majina ya wazee wao na kuichora shajara ya ukoo. Ni kazi njema, kwani mtu hawezi kuwaunga jamaa asiowajua. Lakini mara nyingi kalamu husita mahali pamoja. Mama wa nyanya, kwa hesabu ya karatasi, anaonekana kuwa alimzaa mziwanda wake akiwa na umri wa miaka 50 na zaidi. Papo hapo minong'ono huanza: huyu si mwanawe, huyu ni wa binti yake aliyefichwa. Nasi twasema: tusitangulize dhana mbaya juu ya wanawake waliokwisha kufa, wasioweza kujitetea. Tuitengeneze hesabu kwanza.

Qur'ani Tukufu inatusimulia jinsi mkewe Nabii Ibrahim alivyostaajabu kubashiriwa mtoto hali yeye ni mkongwe. Ule ulikuwa muujiza. Uzazi wa nyanya zetu wahitaji hesabu ndogo tu kufahamika. Tuchukue mfano wa mwanamke aliyemzaa kifungua mimba akiwa na miaka 18, akawa amnyonyesha kila mtoto miaka miwili, na kila mtoto akafuatwa na mwenziwe baada ya miaka mitatu. Mtoto wa kumi atamkuta mama yake ana miaka 45. Ndivyo walivyoishi wengi wao. Hawakuanza uzazi ukubwani kama wafanyavyo baadhi ya mabinti wa leo. Waliuanza mapema, na ukubwani ndiko walikoumalizia.

Ama miaka 50 na zaidi, hiyo yataka kuangaliwa vizuri, kwa kuwa umri wenyewe hutokana na makadirio. Sheria ya kusajili vizazi na vifo nchini Kenya ni ya mwaka 1928, na hata baada yake watoto wengi walizaliwa mikononi mwa wakunga bila ya kuandikwa popote. Kipande kilikuwa cha wanaume. Mwaka 1978 ndipo sheria ilipobadilishwa wanawake nao wakaandikiwa vitambulisho. Basi nyanya aliyekwenda kwa karani akiwa na wajukuu, hana cheti cha kuzaliwa, mwaka aliopewa ulikuwa wa kukisia. Karani akimwongezea miaka saba, mziwanda naye huonekana amezaliwa na kikongwe.

Iko pia hitilafu ya kalenda. Wazee wetu waliojua kuandika walizitia tarehe za vizazi kwa hati za Kiarabu katika kurasa za mwanzo za msahafu au za kitabu cha maulidi, na mwaka wao ulikuwa wa Hijria. Mwaka huo hupungua kwa siku 11 hivi ukilinganishwa na wa Miladia. Mama aliyetimiza miaka 50 ya Hijria ana miaka 48 na nusu tu ya Miladia. Na anayechukua mwaka wa mama kutoka msahafuni na wa mtoto kutoka kwenye cheti, akatoa mmoja kwa mwingine bila ya kuugeuza, huyo amejipotezea njia mwenyewe.

Pasipokuwa na maandishi, tutumie matukio. Je, alikuwa amekwisha kuolewa vita vya 1914 vilipoanza? Alikuwa akicheza mekoni, au alikuwa na mtoto mgongoni, vilipokwisha vile vya 1939 hadi 1945? Bendera ya Sultani iliposhushwa mwaka 1963, mziwanda alikuwa akitambaa au amekwenda chuoni? Majibu mawili matatu ya namna hii hufaa kuliko tarehe moja ya kubuni.

Tena tusione ajabu umri kuhitilafiana. Hata wa Mama wa Waumini, Bibi Khadija (R.A.), umepokewa kwa njia zaidi ya moja. Iliyoenea ni kwamba aliolewa na Mtume (S.A.W.) akiwa na miaka 40, na iko riwaya nyingine isemayo 28. Kwa hesabu ile iliyoenea, Qasim, Zaynab, Ruqayya, Ummu Kulthum, Fatima na Abdullah wote aliwazaa baada ya kutimia miaka 40. Uzazi wa ukubwani basi si jambo la mwanamke kuonewa haya.

Na ikithibiti kuwa mtoto ni wa mwingine, aliyelelewa na nyanya akaitwa mwanawe? Nasaba haibadiliki kwa malezi, na dini imetuamrisha kuwaita watu kwa baba zao. Ukweli huo wapasa kujulikana na wale unaowahusu katika ndoa na mirathi. Si wa kutandazwa kwenye kundi la simu la ukoo mzima, watu wakacheka na kuulizana.

Sasa tulifikie lile tulilolikusudia. Mama aliyezaa mpaka miaka 45 alikuwa na binti wa miaka 27, naye ameolewa na anazaa. Mama na binti waliweza kujifungua mwaka mmoja, katika nyumba moja, na mjomba akawa mdogo kuliko mpwa wake. Basi binti akiumwa homa ya uzazi, au maziwa yakikosa kutoka, nani alimchukua mjukuu? Nyanya mwenye mziwanda kifuani. Alimweka huyu kulia na yule kushoto, wala hakuna aliyeandika.

Kwetu lilitokea. Miaka mingi iliyopita, kijana mmoja wa ukoo wetu alimposea binti wa mjomba wake. Posa ikakubaliwa, mahari yakatajwa, na sanduku la nguo likaanza kujazwa. Siku moja nyanya yao, ambaye masikio yalikuwa yamekwisha kuwa mazito, akauliza harusi ni ya nani. Alipotajiwa jina la kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu si yule niliyemnyonyesha pamoja na mziwanda wangu, mama yake alipolazwa miezi miwili?" Nyumba nzima ikaingia baridi. Kwa maziwa yale, kijana alikuwa ndugu wa watoto wote wa nyanya, akiwamo baba wa bibi harusi. Alikuwa ami yake wa kunyonya, naye haramu kwake. Kadhi aliulizwa, wanawake waliokuwapo wakahojiwa, na posa ikarudishwa. Binti alilia, na mama yake alilia zaidi. Lakini wote walimshukuru Mola kwamba bikizee yule aliuliza kabla ya nikahi na si baada yake.

Kwani baada yake pia hutokea. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Uqba bin al-Harith alioa, kisha akaja mwanamke akasema kuwa aliwanyonyesha wote wawili, yeye na mkewe. Uqba hakuwa na habari. Alipanda mnyama wake kutoka Makka hadi Madina kwenda kumuuliza Mtume (S.A.W.), na wakatengana.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi katika mwambao wetu, kunyonya kunakoharimisha ni mara tano mbalimbali, ndani ya miaka miwili ya mwanzo ya mtoto. Kwa hiyo haitoshi kusema "alinyonya" wala "hakunyonya sana". Yahitaji kujulikana ilikuwa lini, na mara ngapi. Tena hukumu si ya kukatwa na sisi sebuleni. Ipelekwe kwa kadhi au sheikh mwenye elimu.

Enyi mabinti zetu, mkishika daftari la ukoo, ombeni kwanza ruhusa, kaeni mkekani na nyanya kabla ya usingizi wa adhuhuri, na ulizeni kwa adabu. Ni nani aliyezaliwa mwaka mmoja na mziwanda wako? Kati ya mabinti zako na wake za wanao, nani aliumwa baada ya kujifungua? Ulimnyonyesha mtoto asiyekuwa wako? Kwa siku ngapi? Nani mwingine alikuwapo aliyeona? Andikeni jina la mnyonyeshaji, jina la mtoto, na jina la aliyewasimulia. Shajara nyingi hupanda kutoka kwa mwana hadi baba, "bin" juu ya "bin", na mama hapatikani ndani yake. Ongezeni mstari wa mama, na ubavuni mwake mstari wa maziwa.

Nanyi mama zetu mnaozaa leo, mkimnyonyesha mtoto wa ndugu au wa jirani, waambieni waume zenu na wazazi wa mtoto siku hiyo hiyo, na muandike.

Nyanya wale wanatutoka mmoja mmoja, na kila jeneza hubeba habari ambazo hakuna msahafu wala ofisi iliyoziandika. Ijumaa hii, baada ya Suratul Kahf na chakula cha mchana, mmoja wetu na aende akaulize.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape afya waliobakia, na avihifadhi vizazi vyetu katika halali. Amin.