Umeuzwa Pamoja na Dikoda Yako

Wasee, tuache kudanganyana. Canal+ kununua MultiChoice si habari ya wazazi wenye dikoda ya DStv sebuleni peke yao. Ni habari yako pia, wewe hujawahi kulipia kitu. Wewe wa kungoja series ishuke Telegram. Wewe wa kuangalia Arsenal ukiwa umesimama mlangoni kwa base kwa sababu kiingilio ni mbao na hiyo mbao ndiyo ya chapo.

Nimeona watu wakisherehekea hii story. "Bei itashuka." "Wazungu wanajua kazi." Wengine hata hawajui nani amenunua nini, wanashangilia tu. Acha niiweke wazi, halafu mkitaka kunitusi mtanitusi mkiwa na facts.

Canal+ ni kampuni ya TV ya Ufaransa. Tangu 2020 imekuwa ikinunua hisa za MultiChoice polepole, kama mtu anayehamia kwa mpenzi wake akileta nguo moja moja. Baadaye ikasema inataka zote, kwa randi 125 kila hisa. Mahakama ya ushindani ya South Africa ikapitisha mwezi wa saba 2025, na tarehe 22 Septemba mwaka huo Canal+ ikashika usukani. Sasa ni kampuni moja yenye wateja zaidi ya milioni 40 katika nchi karibu 70. DStv, GOtv, Showmax, SuperSport, Maisha Magic East, zote ziliingia ndani ya hiyo gunia.

MultiChoice haikuuzwa ikiwa na afya. Mwaka wake wa fedha ulioisha Machi 2025 ulionyesha imepoteza wateja milioni 1.2 na kubaki na milioni 14.5. Showmax peke yake ilikula hasara ya karibu randi bilioni 5, mwaka mmoja tu baada ya kuzinduliwa upya kwa mbwembwe Februari 2024. Kwa hivyo huyu mnunuzi amenunua nyumba inayovuja. Na mtu akinunua nyumba inayovuja, haanzi na kukupakia rangi chumba chako. Anaanza kuuliza nani anaishi hapa bure.

Hapo ndipo mimi naona shida, na haina uhusiano na Ufaransa. Kampuni mbili kubwa zikiungana, kitu cha kwanza huwa ni kisu. Warner ilipoungana na Discovery Aprili 2022, haikuchukua hata miezi mitano. Agosti wakatupa Batgirl, filamu ambayo ilikuwa imeshapigwa tayari, waigizaji wameshaigiza, kila kitu. Ikafungiwa kabatini. Mwisho wa mwaka huo huo Westworld ikatolewa HBO Max, series yao wenyewe. Kama watu wa Hollywood wenye mawakili na vyama vya kazi wanaweza kuamka wapate kazi yao imefutwa, wewe unadhani nani atakumbuka series ya msichana wa Kenya iliyokuwa imefika episode ya sita?

Sasa sikiza hii, na ndiyo sababu hasa niliandika.

2021 Showmax ilitoa Crime and Justice, polisi wa Nairobi, Sarah Hassan na Alfred Munyua. Ilikuwa Showmax Original ya kwanza ya Kenya. Unajua nani alishirikiana nao kuitengeneza? Canal+. Wakati huo walikuwa milango miwili. Ukiwa producer wa hapa, huyu wa South Africa akikataa skripti yako, unaweza kubisha kwa yule wa Ufaransa, au uwaweke meza moja kila mtu atoe nusu. Leo ni mlango mmoja. Ukikataliwa hapo, umekataliwa. Na bei ya skripti yako inapangwa na mtu mmoja ambaye anajua huna kwingine pa kwenda.

Mtasema kuna Netflix. Country Queen ilikuja 2022, ikasifiwa, lakini hebu hesabu series za Kenya ambazo Netflix imeagiza tangu hapo, vidole vya mkono mmoja vinakutosha. Tena Juni 2025 Canal+ na Netflix waliingia makubaliano ya kuuza Netflix ndani ya Canal+ kwa nchi 24 za Afrika zinazoongea Kifaransa. Hao si wapinzani kama unavyodhani. Mtaani tunajua mama mboga wawili wakikaa kibanda kimoja, sukuma haipungui bei.

Mpira tulishaonyeshwa hii sinema. SuperSport ndiyo ilikuwa pesa ya ligi yetu kwa miaka. 2017 kukawa na vuta nikuvute ya kuongeza timu kutoka 16 hadi 18, SuperSport ikavunja mkataba, ikaenda. Sitetei waliokuwa wanasimamia mpira wakati huo, hiyo ni kesi ingine na ni ndefu. Ninachosema ni kwamba ligi nzima ilikuwa imeegemea ukuta mmoja, na ukuta ukahama. Klabu zikabaki zikikopa nauli ya kwenda mechi. Wachezaji wakagoma. Drama ya TV ya Kenya iko kwa huo ukuta sasa hivi: Selina, Kina, Njoro wa Uba, zote ni za Maisha Magic. Nyuma ya kila moja kuna watu wa sauti, wa taa, wa nguo, wa kupika chai, na wengi wao ni rika letu. Mimi niliacha campus mwaka wa pili na watu wa kwanza kunilipa kwa kitu kinachotoka kichwani mwangu walikuwa watu wa seti. Najua jinsi hiyo pesa inaweza kulipa rent Free Area, na najua inavyoweza kuchelewa miezi mitatu.

Halafu kuna hadithi za nani anamiliki nini. Hapa Nakuru tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Hell's Gate iko Naivasha, ndani ya kaunti yetu. Wachoraji wa Disney walikuja Kenya kabla ya The Lion King ya 1994, na mandhari ya Hell's Gate ni kati ya yaliyowapa picha. Miaka minne baadaye, Aprili 1998, Disney wakafungua Animal Kingdom kule Florida. Ndani yake kuna kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki kinaitwa Harambe. Kina mabango ya Kiswahili na kuta zilizochorwa zionekane zimezeeka kama za Lamu. Safari yake ya wanyama inaitwa Kilimanjaro Safaris. Na "Hakuna Matata" wakaisajili kama alama yao ya biashara ya fulana. Maneno ambayo konda wa Lanet anakwambia bure.

Huko Marekani kampuni zikiungana watu hubishana kuhusu rides: gani itabomolewa, gani itajengwa, tiketi itapanda kiasi gani. Kwa sababu wanajua hadithi ikishakuwa mali, inazaa. Inatoka kwa sinema, inaenda kwa streaming, inaenda kwa doli, inaenda kwa bembea ya dola mia na kitu. Comcast, wenye Universal na ile bustani mpya ya Epic Universe iliyofunguliwa Orlando mwezi wa tano 2025, ndio walioingia Showmax na asilimia 30. Sisi bembea yetu ni bouncing castle ya Nyayo Gardens Jumapili, na sina shida nayo, watoto wanafurahi. Lakini hadithi ya Kenya ikiagizwa na channel, mara nyingi haki zote zinabaki kwa aliyelipa. Aliyelipa akiuzwa, haki zinaenda naye. Mwandishi aliyekaa usiku kucha na hiyo skripti anasoma kwa gazeti kama wewe.

South Africa waliliona hili. Hawakukubali hii ndoa bure. Sheria yao hairuhusu mgeni kudhibiti leseni ya utangazaji, kwa hivyo leseni ikatengwa kwa kampuni tofauti yenye wenye hisa wao. Canal+ na MultiChoice wakaahidi kifurushi cha karibu randi bilioni 26 kwa miaka mitatu, ikiwemo kutengeneza vipindi vya huko na kusaidia kampuni ndogo. Wakakubali pia kutofuta watu kazi kwa miaka mitatu. Yote yako kwa masharti ya mahakama.

Hiyo ni ya Johannesburg. Haifiki Kenya hata ikipanda Mash. Na kisu kikikatazwa kukata South Africa kwa miaka mitatu, niambie kitakata wapi.

Kwa hivyo maswali yangu ni kwa Mamlaka ya Mawasiliano, Mamlaka ya Ushindani na Kenya Film Commission, na sitaki press release. Saa ngapi za vipindi vya Kenya vitaagizwa kila mwaka, kwa maandishi? MultiChoice Talent Factory ya Nairobi, ile inayochukua vijana kama 20 kwa mwaka kutoka Kenya na majirani, itaendelea hadi lini? Kwa mtu kama mimi, ambaye karo ya chuo ilishinda familia, hiyo ndiyo shule ya filamu pekee ambayo haianzi na kuuliza fee balance. Na kazi ikikaa kabatini miaka mitatu bila kuonyeshwa, mwenyewe anaweza kurudishiwa haki zake auze kwingine?

Nitakuwa fair. Rwanda, Canal+ iliingia ikanunua Zacu Entertainment 2022, na leo kuna Zacu TV, channel nzima ya Kinyarwanda. Hiyo ni kazi nzuri kuliko nyingi tulizofanyiwa hapa, na kama wataleta kitu kama hicho cha Kiswahili, kinachotengenezwa Nakuru, Kisumu na Mombasa, si Nairobi tu, nitakuwa wa kwanza kuwapigia debe. Lakini Rwanda walikuwa wanajenga. Hapa wamekuta kimejengwa, na kinavuja.

Na nyinyi mnaosema "sisi tuko TikTok, TV ni ya wazazi": nusu ya clips mnazocheka nazo zimekatwa kutoka kwa hizo series. Waigizaji mnaowafuata walijulikana huko. Simu haiwezi kulipa watu arobaini wakae Naivasha wiki mbili wakipiga episode nane. Mimi natengeneza video kwa simu na ring light iliyovunjika mguu hapa Milimani, na nakwambia haiwezi.

Kama umewahi kusaini mkataba wa series ya hapa, uigizaji, uandishi, hata kubeba taa, nitumie inbox picha ya ukurasa wa haki na marudio. Ficha majina, ficha pesa. Nataka kusoma imeandikwa nini kuhusu kampuni ikiuzwa.