Kibarua wa Mwaka Mzima

Kima cha chini cha mshahara nchini Kenya kilipopandishwa kwa asilimia 6 Novemba 2024, baadhi ya wenye supamaketi walipata kisingizio kipya cha mtindo wa zamani: kuajiri wachache kwa kudumu, kisha kuendesha duka kwa vibarua. Mtindo huo umezoeleka Migori na Homa Bay hata hauulizwi tena. Lazima uulizwe, maana ni hila.

Watetezi wake wana hoja. Siku ya soko, Oyugis au Rongo, wateja hufurika. Desemba na wiki ya kufungua shule vilevile. Faida ya rejareja ni ndogo, na kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ilivunjwa 2020. Sawa. Ila Nakumatt ilizamishwa na madeni ya mabilioni, si mshahara wa keshia. Na anayetaka watu wa ziada siku ya soko, awaite siku ya soko. Nani kamzuia?

Ninayemzungumzia ni yule anayepanga unga rafuni Jumatatu hadi Jumamosi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo hadi siku zikatimia mwezi, au mwenye kazi isiyoweza kumalizika ndani ya miezi mitatu, huhesabiwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Kupanga unga kutaisha lini? Ndiyo maana mwezi ukikaribia kutimia huambiwa, “Pumzika kidogo, tutakupigia.” Wiki ijayo yuko rafuni palepale, hesabu imeanza upya.

Wengi hudhani kinachokwepwa ni likizo ya siku 21. Hiyo ni chenji tu. Kinachokwepwa hasa ni chama cha wafanyakazi. Kwa kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007, mwajiri hulazimika kukitambua chama kikishaandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Kisipotambuliwa, hakuna mazungumzo wala mkataba wa pamoja. Kibarua naye ana haki ya kujiunga. Katiba inampa katika kifungu cha 41. Lakini nani atatia sahihi fomu ya KUCFAW, chama cha wafanyakazi wa biashara na vyakula, ilhali kazi yake ya wiki ijayo inategemea simu ya meneja? Hatii. Nusu haifiki. Kisha meneja huyohuyo anatwambia, kwa macho makavu, kwamba wafanyakazi wake hawataki chama!

Hata pale chama kilipotambuliwa, kila anayestaafu na nafasi yake ikapewa kibarua, chama kimepungukiwa na mwanachama. Mkataba unabaki kuwalinda wachache, nao wanazidi kupungua.

KUCFAW isiishie kudai nyongeza ya mshahara. Kiwango cha juu cha vibarua kiandikwe ndani ya mkataba wa pamoja, na wafanyakazi wa saa chache wapate likizo kulingana na saa zao. Nao maafisa wa leba walioko Migori na Homa Bay wakague daftari la mahudhurio, wasiridhike na maelezo ya meneja. Aliyefanya kazi siku sita kwa wiki mwaka mzima apewe barua yake ya ajira.