Daftari la Wiki: Anayebaki Ufukweni

Jumatatu

Upepo wa kusi umekaza. Ngalawa zimevutwa juu mchangani, na mimi nimejifungia ndani kurudia filamu za mapenzi zilizopigwa kando ya bahari. Nimeanza na Atlantique ya Mati Diop, iliyopata Grand Prix kule Cannes mwaka 2019.

Ni Dakar. Vijana wanajenga ghorofa refu la kutisha, na miezi inapita bila mshahara. Mmoja wao, Souleiman, anampenda Ada, ambaye kwao wameshapokea posa ya Omar, kijana mwenye pesa. Mapema kabisa wapenzi hawa wanakutana karibu na maji, na Ada analalamika kwamba mwenzake anaitazama bahari kuliko anavyomtazama yeye. Bahari imeshakuwa mke mwenza, na Ada hajajua.

Usiku anatoroka nyumbani kwenda baa ya ufukweni. Wasichana wamekaa, wamejipamba, wavulana hawapo. Wamepanda mtumbwi kuelekea Hispania. Diop hatuonyeshi mtumbwi ukizama. Anatuacha na wasichana wale, na kila baada ya muda anaturudishia jua likishuka juu ya maji, mpaka unaanza kuliogopa. Baadaye roho za waliokufa maji zinarudi kumdai tajiri mwenye ghorofa ujira wao. Nimeona filamu nyingi za mapenzi, lakini chache zinazokumbuka kwamba mpenzi naye ni mtu anayedai mshahara wake.

Jumanne

Aliyepiga picha za filamu hiyo ni Mfaransa Claire Mathon. Cannes ya mwaka huohuo ilionyesha kazi yake nyingine, Portrait de la jeune fille en feu ya Céline Sciamma, kuhusu mchoraji wa kike na msichana anayengoja kuozwa kwa mwanamume asiyemjua, kwenye kisiwa cha Bretagne. Filamu zote mbili ziko kwenye Atlantiki ileile, lakini hutadhani. Maji ya Dakar ni mazito, yana ukungu na vumbi la jiji. Ya Bretagne ni makali, yanapiga mwamba na kurudi. Mathon alikaa na kila bahari mpaka akaijua tabia yake.

Hilo ndilo ninalolitamani katika video zetu za nyimbo za mapenzi. Ufukwe upo kila mara: mchana mweupe, maji yametulia, wapenzi wawili wanakimbizana. Hakuna wavu unaoshonwa, hakuna maji kupwa, hakuna harufu ya dagaa. Bahari yetu ina mengi ya kusema, na inaumiza kuiona imegeuzwa pazia la studio.

Alhamisi

Leo nimevuka hadi Kerala, pwani ambayo vyombo vyake vilikuwa vikishuka kwetu na upepo wa kaskazi. Chemmeen, maana yake kamba, wale wa baharini, iliongozwa na Ramu Kariat kutokana na riwaya ya Thakazhi Sivasankara Pillai. Ilitoka mwaka 1965, ikawa filamu ya kwanza ya India Kusini kupata Medali ya Dhahabu ya Rais.

Karuthamma, binti wa mvuvi, anampenda Pareekutty, mfanyabiashara Mwislamu. Baba yake anakopa kwa Pareekutty apate mashua na nyavu, kisha halipi, na binti anaozwa kwa Palani, mvuvi hodari. Nyuma ya yote hayo kuna imani ya wavuvi: Mama Bahari humlinda mwanamume aliye majini maadamu mkewe ni mwaminifu nchi kavu. Maneno ya watu yanaenea, wavuvi wanakataa kupanda chombo kimoja na Palani. Anakwenda peke yake usiku, ananasa papa mkubwa, papa anamburura, na bahari inammeza. Usiku huohuo Karuthamma na Pareekutty wamekutana. Asubuhi mawimbi yanawaleta wapenzi hao ufukweni, wamekufa wameshikana.

Nimelia, kisha nimekasirika. Papa alikuwa na nguvu zake na usiku ule ulikuwa na giza lake, lakini hesabu yote ya bahari imeandikwa kwa jina la mwanamke mmoja. Hata huku kwetu, mtu asiporudi, watu hutazama kwanza mlango wa mkewe.

Ijumaa

Vuta N'kuvute, ya Amil Shivji, 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya mwisho ya mkoloni: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mzee, anatoroka, na anampenda Denge, mpigania uhuru. Tanzania iliipeleka kuwania Oscar, na ilistahili. Kwangu zawadi kubwa ni masikioni. Baada ya wiki nzima ya kusoma tafsiri chini ya picha, wapenzi wananong'ona na ninawasikia moja kwa moja, kwa Kiswahili cha visiwani. Waongozaji wetu, njia imefunguliwa. Tupeni na mapenzi ya wachuuzi wa samaki, ya wakulima wa mwani, ya mabaharia na wake zao.

Jumamosi

Alfajiri nimeshuka ufukweni. Upepo umepungua kidogo, na mashua chache zilikuwa zimetoka usiku. Wanawake walisimama na ndoo zao. Mmoja hakuitazama bahari hata mara moja. Alikuwa amekaa juu ya gogo, amekumbatia chupa ya chai, kanga imefunga kichwa, anachora mistari mchangani kwa kidole cha mguu na kuifuta.

Mashua ya mwisho ilipogusa mchanga, alisimama. Mumewe akaja akitembea kwenye maji ya magotini, macho mekundu kwa chumvi.

"Pole na kazi, baba'ke."

"Nishapoa."

Akammiminia chai, akamwangalia anavyokunywa. Akamwongezea kikombe cha pili. Kilipokwisha nacho, ndipo akauliza habari za samaki.