Mbuzi wa Saanen na Pemba

Mbuzi mweupe wa Saanen, ambaye asili yake ni bonde la milimani katika nchi ya Uswisi, asifika ulimwenguni kwa wingi wa maziwa. Sisi hatuna ugomvi na sifa hiyo. Lakini ngozi yake nyepesi haistahimili jua kali, na Pemba si Uswisi. Mbuzi wa Norwe waliopelekwa Mgeta, Morogoro, katika miaka ya 1980 walistawi. Nako ni milimani kwenye baridi. Basi twasema: mfugaji wa Micheweni asiuziwe mbuzi jike wa kigeni kwa mkopo, kisha akabaki na ngozi na deni. Na aletewe beberu, yule wa zizini tunamkusudia, apande mbuzi wetu waliozoea maweni. Naye abadilishwe kabla ya miaka miwili, asije akawapanda binti zake.