Umbali wa Kitui na Makueni, na Sala ya Msafiri

Kila ifikapo likizo, jamaa wengi wa Pwani huelekea Ukambani kuwatazama watoto wao walioajiriwa huko, na swali tuulizwalo na kina mama ni hili: baina ya Kitui na Makueni pana umbali gani? Kijana wa nyumbani hufungua simu, akasoma kwamba kutoka kiwanja cha ndege cha Kitui hadi kile cha Makindu, kilichomo katika Kaunti ya Makueni, ni kilomita 100 hivi, safari isiyotimia nusu saa.

Hesabu hiyo si uongo. Ndege ndogo iendayo kilomita 300 kwa saa huzikata kwa dakika 20, mbali na kupaa na kutua. Lakini hapana ndege ya abiria yenye ratiba baina ya viwanja hivyo. Zituazo humo ni za kukodi, au zilizomfuata mgonjwa. Sisi wengine njia yetu ni ya ardhini, na ardhini pana Mto Athi, na kando yake uwanda wa Yatta, mgongo wa mawe ya volkano wenye urefu wa kilomita karibu 300. Gari hushuka kutoka Kitui hadi Mutomo, likavuka hadi Kibwezi, kisha likapanda barabara ya Mombasa mpaka Makindu. Kilomita hupita 150. (Atokaye Mombasa kwenda Kitui, na ashuke Kibwezi kwa treni ile isimamayo vituo vya kati, kwenda mpaka Nairobi na kurudi ni kujichosha bure.)

Umbali huu una hukumu yake. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi wetu, sala za rakaa nne hupunguzwa iwapo safari, kwa kwenda peke yake, yatimia marhala mbili, nazo wanazuoni wa leo huzikadiria baina ya kilomita 80 na 90. Kitui na Makindu hazina shaka, kwa angani wala kwa barabara. Shaka huja kwa aendaye Wote, makao makuu ya Makueni. Kwa mstari ulionyooka, Kitui na Wote ni kilomita 60 na kitu. Kwa lami ipitayo Machakos, ni zaidi ya 150. Aitegemeaye simu atajinyima ruhusa aliyopewa na Mola wake, kwani kinachopimwa ni njia apitayo msafiri, maadamu hakuzunguka kwa kuitafuta ruhusa tu.

Wala wepesi wa chombo hauiondoi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alikwisha kubainisha katika Minhaj kwamba mwenye kuzikata maili hizo baharini kwa saa moja hupunguza vilevile. Basi apandaye ndege ya dakika 20 hadi Makindu ni msafiri sawa na aliyetikiswa garini kwa saa kadhaa.

Ruhusa huanza baada ya kuyaacha majumba ya mji atokao. Na mama anayekusudia kukaa kwa mwanawe siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hutimiza sala zake tangu afikapo.