Wazee wa Gécamines wanazeeka: nani amefundishwa kuwatunza?

Lubumbashi – Mwaka wa 2003, watumishi 10 655 walitoka Gécamines kwa mpango wa « départ volontaire » uliolipiwa na Benki ya Dunia. Hesabu ni ya haraka: aliyekuwa na miaka 50 siku zile, leo amepita 70. Wako Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba. Wengine wamerudia kijijini.

Zamani, tangu Union Minière, mtumishi na bibi yake na watoto walitunzwa kwenye hospitali ya kampuni bila kutosha franka mfukoni. Leo baba yuleyule akianguka usiku akienda choo, watoto ndio wanapigiana simu kuchanga pesa. Katiba ya inchi ya 2006, kwenye kifungu cha 49, inasema mtu mzee ana haki ya kulindwa kwa njia ya pekee. Sawa. Lakini hata pesa ikipatikana, kuna swali ambalo halisemwi sana: muuguzi atakayempokea, amefundishwa mambo ya uzee?

Uliza jirani mtoto wake anasoma nini ISTM. Atakujibu: ukunga, mambo ya watoto, labo, afya ya jamii. Kusikia mtu anasema « wazee » ni bahati.

Kazi ya mama mmoja wa Marekani inaweza kutusaidia kufikiri. Anaitwa Terry Fulmer, ni muuguzi. Hakuanzia kwenye ofisi ya ukubwa. Mwanzo wa miaka ya 1980 alikuwa Boston, hospitali ya Beth Israel, na kule wazee walikuwa wanafika na majeraha ambayo hayakueleweka vizuri. Mwaka wa 1984, yeye na wenzake walitoa karatasi ya kumchunguza mzee: je, anapigwa? ananyimwa chakula? ameachwa peke yake? Mambo ya aibu ya nyumbani, yakawa kitu ambacho muuguzi anapaswa kukiangalia na kukiandika.

Halafu akatengeneza chombo kingine, SPICES, herufi sita za Kiingereza kwa mambo sita: usingizi, taabu ya kula, mkojo au choo kumtoka mtu bila kutaka, kuchanganyikiwa akili, kuanguka, na ngozi kuanza kuchubuka. Ni hayo tu. Hakuna mashini, hakuna umeme. Ukiona moja halikai vizuri, unaita daktari mbele hali haijaharibika.

Tusimame kidogo kwenye lile la kuchanganyikiwa, kwa sababu hapa kwetu ndipo mambo yanakuwa mabaya. Mzee aliyekuwa mzima Jumatatu, Jumatano hajui tena jina la mtoto wake, anaongea peke yake usiku. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo. Inaweza kuwa malaria, kukosa maji mwilini, au dawa ambazo hazipatani. Mara nyingi, ukitibu chanzo, akili inarudi. Lakini kwenye lupango, neno la kwanza linalotoka ni lingine: « Nkambo njo mulozi. » Kutoka hapo wanampeleka kwa mtu wa maombi, au wanamfungia chumba cha nyuma, au wanamfukuza kabisa. Siku zilizobaki za kumtibu zinapita hivyo.

Mwaka wa 1996 kwenye chuo kikuu cha New York (NYU) ilianzishwa taasisi ya uuguzi wa wazee, chini ya Mathy Mezey, na Fulmer akawa mmoja wa viongozi wake. Kisha, kuanzia 2002, aliongoza shule yote ya uuguzi ya chuo hicho. Wazo walilolisukuma ndilo linalotuhusu: mambo ya uzee yasibaki kwa wataalamu wachache, yaingie kwenye masomo ya kila muuguzi. Mwaka wa 2015 aliitwa kuongoza mfuko wa John A. Hartford, ambao tayari ulikuwa unalipia kazi hiyo. Kule walisukuma mpango wa mambo manne kwa kila mzee anayetibiwa: kile anachotaka mwenyewe, dawa anazomeza, akili yake, na kutembea kwake.

Mtu atasema: Wamarekani wana pesa. Ni kweli, bila mfuko ule kazi isingefika mbali hivyo. Kwa hiyo kudai ISTM ifungue tawi jipya la uzee kesho asubuhi, pamoja na walimu ambao hawapo, ni kujidanganya. Lakini saa chache za masomo ndani ya ITM na ISTM, na karatasi moja ya mambo sita kwenye kila kitanda cha mzee, hiyo haihitaji mfuko wa New York.

Na kuna mwingine wa kufundishwa. Kwenye hospitali zetu, anayemuosha mzee, anayemgeuza na kumlisha bukari si muuguzi, ni garde-malade: binti, mkwe, mjukuu. Yule anayelala chini pembeni ya kitanda ndiye anayejua kama nkambo alilala, kama alikula, kama mgongo umeanza kuchubuka. Muuguzi wa asubuhi anaweza kuanza kwa kumuuliza yeye.