Maji Maangavu Hayamlishi Tilapia



Nipitapo mashambani upande wa Mweiga na Naromoru huulizwa swali moja: "Karani, mbona samaki wangu hawakui?" Nikienda kulitazama bwawa, naona maji maangavu kabisa, mfereji waingia huku na kutoka kule, usiku na mchana. Mwenyewe asimama kando akijisifia usafi.

Nadhani kosa hili tumelipata kwa trauti. Samaki huyo wa Ulaya alitiwa katika mito ya Aberdare mwaka 1905, na kituo cha kumzalisha kilijengwa Kiganjo mwaka 1948. Yeye ataka maji baridi, safi, yaendayo mbio. Basi sisi watu wa Nyeri tukadhani kila samaki ni trauti.

Tilapia hula mimea midogo sana ielekayo majini, ile ifanyayo maji kuwa ya kijani. Huko Pwani yuko mnyoo wa baharini mwenye taji kama manyoya ya kuku, ambaye huchuja chakula kidogo namna hiyo. Wamfugao nyumbani katika tangi la kioo, kwa ajili ya pambo, wamejifunza kwamba maji yaliyosafishwa kupita kiasi humwua kwa njaa. Bwawa la tilapia nalo ni vivyo hivyo.

Mimi nilikosa pia. Mwaka mzima niliacha mfereji wazi, nikavua samaki kama vidole, na jirani wa chini akaninunia kwa kumpunguzia maji. Alikuwa na haki. Maji yapitayo huchukua mbolea na kulipoza bwawa, na tilapia hakui vizuri maji yakishuka chini ya digrii 20.

Kwa hiyo ufunge mfereji, uongeze maji yapunguapo tu. Tia samadi kidogo kidogo kila juma. Kisha zamisha mkono: kiganja kikipotea machoni maji yafikapo kwenye kiwiko, vyema. Kikipotea mapema, acha samadi, maana maji mazito hukosa hewa alfajiri na samaki hufa.

Mabwawa mengi yaliyochimbwa kwa fedha za Serikali kuanzia 2009 yameota nyasi, na wengine wasema samaki si kazi ya watu wa mlimani. Sikubali. Ila akaaye juu sana, karibu na msitu, huyo aache tilapia, afuge trauti, kama maji anayo.